Moshi wa Saa Kumi

Ikikaribia saa kumi alasiri, wapangaji wa ghorofa ya tatu walikuwa wakitoa vigoda vyao milangoni. Korido ilikuwa nyembamba, kwa hiyo kila mtu alijua pa kukaa: miguu ya huyu isiguse beseni la yule, na aliyeanika soksi kwenye kitasa azitoe bila kusubiri kuambiwa. Wengine walitoka na kazi zao. Kinyozi, aliyekaa chumba cha pembeni, alinoa mikasi. Jirani wa mkabala alichagua mchele. Fundi cherehani, ambaye wote walimwita Fundi tu, alikaa kule mwisho kabisa, nguo ya mteja mapajani, akishona pindo kwa mkono, maana cherehani yake ilikuwa na makelele na saa hiyo watu hawakutaka makelele. Wakishatulia, moshi ulikuja.

Ulitokea mwanzo wa korido, kwenye chumba ambamo waya chakavu zilishika moto miaka mingi iliyopita. Ulipanda hadi darini, ukasogea polepole juu ya vichwa vya watu kuelekea nyuma. Haukuwasha macho, haukukohoza mtu, wala haukuchafua nguo. Ulikuwa moshi wa moto ule wa zamani, uliounguza ghorofa ya tatu yote. Moto wenyewe ulizimwa siku ileile. Moshi ndio haukuondoka. Mafundi walikuja wakapiga plasta, wakapaka rangi ya maziwa, na kesho yake saa kumi moshi ukapita juu ya rangi mbichi bila kuacha hata doa. Mpakaji rangi aliridhika, akakusanya brashi zake akaenda.

Ndani ya moshi mlikuwa na harufu za vyote vilivyoungua siku ile. Si harufu ya kuungua, la hasha. Ni harufu ya vitu vyenyewe, vilivyokuwa kabla ya moto. Zilipita kwa zamu. Kwanza viatu vipya vya shule, vikiwa bado kwenye boksi lake. Halafu nta ya sakafu, magodoro ya sufi, nguo ya harusi iliyowekewa dawa ya nondo. Mtu angefumba macho aseme, “Hilo kabati letu hilo,” na jirani angeitikia, “Lile la milango ya kioo? Loo! Lile lilikuwa kabati.” Kisha kila mmoja anarudi kwenye chumba chake cha zamani, anatembeatembea humo, anagusa hiki na kile.

Kinyozi alikuwa na kaka yake kwenye moshi. Walikuwa mapacha, lakini kaka mtu ndiye aliyekuwa mtanashati, na mafuta ya nywele aliyojipaka yangetosha kukaangia. Alipopita, korido nzima ilijua.

“Leo amezidisha,” jirani alikuwa akisema.

“Anakwenda kwa mchumba, mwacheni,” Kinyozi alijibu, akainua uso kuelekea darini, machozi yamemlengalenga.

Wa mwisho kupita alikuwa mama yake Fundi. Alikuwa harufu ya sabuni ya kipande, mafuta ya karafuu aliyojipaka magotini, na chaki ya kukatia nguo. Alipofika, Fundi aliacha sindano ikiwa nusu kitambaani, akavuta pumzi, akaishikilia mpaka kifua kikauma. Alikuwa na mvi sasa, lakini kwa muda ule mfupi wa kila siku alikuwa binti anayekaripiwa kwa kukata suruali mguu mmoja mfupi. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na wala hakuona haya kusema hivyo.

Ulipofika mwisho wa korido, mbele ya mlango wa ngazi ya nyuma, moshi ulisimama. Ulisimama pale kama mtu anayemngoja mwenye ufunguo. Jua likikaribia kuzama ulipungua, ukaisha, na watu wakaingiza vigoda wakaenda kupika.

Habari za mlango huo hazikuwa siri. Mwenye nyumba, waliyemwita bosi mbele yake na Bwana Viti akiwapa kisogo, alikuwa na biashara ya kukodisha viti vya plastiki kwa harusi na misiba. Viti vinataka stoo. Ngazi ya nyuma, kwa maoni yake, ilikuwa stoo nzuri sana ambayo mjenzi aliipa jina la ngazi kwa kupitiwa. Akavipanga humo kuanzia chini hadi juu, akatia kufuli kila ghorofa, watu wasije wakavikalia bure.

Siku ya moto Fundi alikuwa ametoka kununua zipu, mwanawe mdogo mgongoni. Mama yake alibaki akikata nguo. Waliomwona walisema alifanya yote yanayotakiwa. Alifunga mlango wa chumba chenye moto ili usienee. Alilowesha kitambaa akajifunika pua na mdomo. Hakurudi kuchukua cherehani, ingawa ilikuwa mpya. Ngazi ya mbele ilikuwa imeshajaa moto, basi akashuka sakafuni, palipokuwa na hewa, akatambaa na magoti yake yale mabovu mpaka kwenye mlango wa nyuma. Pacha wa Kinyozi alikuwa pale tayari, anaupiga bega. Zimamoto waliwakuta hapo wote wawili, upande wa ndani wa kufuli.

Bwana Viti alihuzunika kwelikweli. Alikuja kwenye mazishi na viti vipya, akavitoa bila malipo, na kwa mkono wake mwenyewe akamkalisha Fundi kwenye kimojawapo. Mazishi yalipokwisha, viti vikahitaji pa kukaa.

Hapo mwanzo wapangaji walipiga kelele kuhusu ule mlango. Walimkalisha Bwana Viti kikao, wakamwambia maneno makali, na mtu mmoja alitaka hata kumkunja shati. Ila moshi ulikuwa umeshaanza kuja kila siku, na katikati ya kikao jirani wa mkabala akauliza kwa sauti ndogo, “Sasa mlango ukifunguliwa, si watatoka?” Watu wakatazamana. Bwana Viti naye akatazama viatu vyake. Kikao kikaisha kwa chai, na habari ya ufunguo haikuulizwa tena.

Aliyekuwa akiiuliza ni afisa wa zimamoto peke yake, aliyekuja kila mwaka kuwafundisha wapangaji. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu uwanjani. Aliwafundisha kugusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua, na kwamba mafuta yakiwaka kwenye sufuria hayamwagiwi maji, yanafunikwa. Aliwafundisha wakutane sehemu moja nje, mbali na jengo, wahesabiane, ili ajulikane nani bado yumo ndani. “Na ukishatoka, umetoka,” alimalizia. “Hurudi ndani kwa chochote, wala kwa yeyote.” Walimpigia makofi. Mwaka mmoja somo lilichelewa, na moshi ukapita juu ya kofia yake.

“Huu ni wa zamani,” alisema, akiutazama. “Sisi tunashughulika na moshi mpya.” Kisha akamgeukia Bwana Viti. “Mlango huu unafunguka?”

“Unafunguka.”

“Ufunguo uko wapi?”

“Upo.”

Afisa alitikisa kichwa, akaagana na watu vizuri, akashuka kwa ngazi ya mbele kwa kuwa nyingine haikuwapo.

Mambo yangeendelea hivyo kama mwana wa Fundi, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa, asingeoa. Alimleta mkewe na mtoto mchanga wakae na bibi wakati yeye yuko safarini. Fundi alikuwa na vyumba viwili vinavyofuatana. Kimoja akawapa wao. Alifurahi mpaka akaanza kuimba akishona, kitu ambacho majirani hawakuwahi kukisikia. Mtoto alikuwa mnene, mpole, na alikuwa na tabia ya kumshika bibi yake pua na kukataa kuiachia. “Pua ya urithi hiyo, ishike vizuri,” Fundi alimwambia. Alimshonea vishuka kutokana na vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, hata ukawa unaweza kumtambua mke wa mtu kwa kutazama kitanda cha mtoto.

Mkwe wake alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliuona moshi siku ya kwanza, akauliza ni wa nini, akaelezwa, akasema, “Poleni.” Saa kumi alikaa nao kwa adabu, mtoto mapajani. Watu walipofumba macho yeye alibaki ameyafumbua, maana hakuwa na cha kukumbuka katika nyumba ile, na alikuwa akiutazama ule mlango.

Siku moja Kinyozi alibandika mafuta jikoni ili akaange samaki, akaona saa kumi imefika, akatoka mara moja amsalimie kaka yake. Kaka mtu alichelewa kidogo. Kinyozi akakaa. Moshi ulipofika ulikuwa mzito kuliko kawaida, umeshuka mpaka usawa wa masikio, na ulikuwa na harufu ya mafuta ya kupikia.

“Hii mpya hii,” jirani wa mkabala alisema, akavuta pumzi. “Nani alikuwa anakaanga siku ile?”

“Labda yule dada wa chumba cha kati,” mwingine alisema. “Alikuwa na mkono mzuri wa kukaanga, maskini.”

“Ndiye! Jamani, miaka yote hii hajawahi kupita!”

Walifurahi sana. Walianza kumsifu dada wa chumba cha kati, kicheko chake, kanga zake, namna alivyokuwa akiwagawia watoto wa korido nzima. Mtu mmoja alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, kwa kuwa moshi ulikuwa unawasha macho.

Mtoto akakohoa.

“Mama,” mkwe alimwambia Fundi, “si mlisema moshi wenu haukohozi mtu?”

Hakungoja jibu. Alimweka mtoto mikononi mwa bibi yake, akainama chini, akaufuata moshi hadi mlangoni kwa Kinyozi. Sufuria ilikuwa inawaka na pazia limeshashika moto. Jirani wa mkabala alikuja mbio na ndoo, mkwe akamzuia kwa mkono mmoja, “Maji hapana!”, na kwa mkono mwingine akazima gesi. Akafunika sufuria kwa mfuniko, akaling’oa pazia, akalikanyagakanyaga. Lilibaki nusu. Moshi mpya ulitoka dirishani, na nyuma yake, kwenye korido, moshi wa zamani ukaja kwa wakati wake wa kila siku na mafuta yake ya nywele. Kinyozi alimwomba radhi kaka yake, kisha akawaomba radhi majirani.

Mkwe aliosha uso, akamnyonyesha mtoto, akamfuata Fundi kwenye cherehani.

“Mama, ule mlango wa nyuma unafunguka?”

“Unafunguka.”

“Ufunguo uko wapi?”

“Upo,” Fundi alisema, akasikia ni sauti ya nani iliyotoka mdomoni mwake. Akaacha kukanyaga cherehani.

“Mama, mimi sina mtu kwenye ule moshi,” mkwe alisema. “Nina huyu.”

Fundi alimtazama mjukuu wake. Alikuwa amelala, bado ana kikohozi kidogo, na kifua chake kilipanda na kushuka haraka kuliko inavyopaswa. Ukimfungulia mtoto njia, unamfungulia na mama yako mzazi, aende zake. Alilifikiri hilo akiwa ameshika kichwa, na lilimuuma pande zote mbili. Mwishowe alisema, “Kesho utafunguliwa, mwanangu. Nakuahidi.”

Asubuhi, Bwana Viti akiwa ametoka kupeleka viti kwenye harusi, Fundi alimleta fundi wa kuchomelea na msumeno wake wa chuma. Makufuli ya ghorofa zote yalikatwa. Viti vilivyokuwa bado kwenye ngazi vilishushwa kimoja baada ya kingine hadi uani, na wapangaji wote walisaidia bila kusema mengi. Nyuma ya viti palikuwa na ngazi, pana, imara, yenye mshikio wa chuma na dirisha kila inapokata kona. Ilikuwa ngazi nzuri. Jirani wa mkabala aliipanda na kuishuka mara kadhaa, apate kuizoea.

Saa kumi, moshi ulipita juu ya vigoda, ukafika mlangoni, haukusimama. Ulitoka. Viatu vya shule vilitoka, magodoro yakatoka, nguo ya harusi ikatoka na dawa yake ya nondo. Kaka yake Kinyozi alitoka kwa haraka, bila kuaga, na Kinyozi akasema ndivyo alivyokuwa. Mama yake Fundi alikuja mwisho. Fundi alikuwa amesimama kizingitini. Harufu ya sabuni na karafuu ilimzunguka, ikakaa kitambo usoni pake, ikashuka ngazi taratibu, kwa namna ya mtu anayejali magoti yake. Fundi alilia, na alikuwa na furaha, na hakujua aanze na lipi.

Siku iliyofuata walitoa vigoda kwa mazoea. Dari lilikuwa jeupe na tupu. Korido ilinuka soksi, vitunguu na dawa ya kunguni. Mmoja alipiga miayo. Kisha Kinyozi akachungulia dirisha la ngazi mpya, akasema, “Wako kule.”

Moshi ulikuwa uani, ng’ambo ya tangi la maji, mbali kidogo na jengo. Ulikuwa umekusanyika mahali pamoja, unatazama juu. Walishuka wote kwenda kuunusa, wakiwa wameshika vigoda vyao.

“Kwa nini hawaendi?” Kinyozi aliuliza.

“Si ndivyo tulivyofundishwa?” mkwe alisema. “Wametoka, wakasimama mbali, wanahesabiana. Wanangoja waliobaki ndani.” Akawatazama majirani zake. “Wanawangoja ninyi.”

Watu waliona ni maneno mazuri, wakakaa kwenye vigoda.

Lakini uani kulikuwa na upepo. Kila siku ulichukua kitu. Nta ya sakafu ilikwenda, kabati likaenda na milango yake ya kioo. Mwenye viatu vya shule alinusa mpaka akapata kizunguzungu, asiambulie hata ngozi ya kisigino. Kinyozi alikuwa akizunguka moshi akiwa amenyoosha shingo, anamtafuta kaka yake, na jioni moja alikuja kwa Fundi, akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule.

“Dada, anaisha,” alisema. “Leo nimempata mara moja tu. Kwa mbali.”

“Pole, kaka yangu.”

“Wewe ndiye uliyewatoa.”

Fundi mwenyewe chaki alikuwa hajaipata tena tangu juzi. Karafuu ilikuwa imebaki nyembamba, na ya sabuni hakuwa na hakika, huenda ilikuwa ni ya mtu aliyefua karibu. Kesho yake saa kumi alishuka uani kabla ya wote, akasimama katikati ya moshi na kuvuta pumzi, akavuta tena, akageukia upepo ulikotoka na ulikokwenda. Hakuna. Woga ulimshika, ule wa mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Alirudi kwenye mlango wa ngazi, akaushikilia wazi kwa mgongo.

Mkwe alikuwa amesimama ngazini, mtoto begani.

“Mama, usiwaite,” alisema. “Aliyetoka ametoka.”

Fundi alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa.

“Mama!” aliita kuelekea uani. “Njoo ndani, kuna upepo.”

Moshi ulisita. Ulitazama jengo, kisha ng’ambo, kule kwenye barabara iliyo wazi. Halafu ulikuja, kwa kuwa ulikuwa umeitwa na watu wake. Ulipanda ngazi kwa utaratibu, wapangaji wakaupisha, mkwe naye akajibana ukutani na kumfunika mtoto uso. Ulipoingia koridoni ukatanda darini pale pale pa zamani, na walioketi chini yake wakaanza kuitana majina. “Huyu hapa! Huyu hapa!” Fundi alipata chaki. Alipata na karafuu. Mama yake alikuwa amechoka kidogo, lakini ni yeye.

Mlango uliporudishwa, moshi uliusukuma. Haukusukuma kwa nguvu, ila haukuacha. Kinyozi aliuegemea akauliza watakaa hivi mpaka lini. Bwana Viti alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Hakuwa na hasira. Viti vyake vilikuwa vimenyeshewa uani na hata hilo alilisamehe. Alitoa mfukoni kufuli jipya, kubwa, likiwa bado na karatasi yake ya dukani.

“Hili ni imara kuliko lile,” alisema kwa upole.

Alimnyooshea Kinyozi, lakini Kinyozi alikuwa bado ameushikilia mlango kwa mikono yote miwili. Ikabidi Fundi alichukue. Alilipitisha kwenye pete, akalibana kwa vidole vile vile vya kutungia uzi, likafunga. Moshi ukaacha kusukuma, ukasimama mbele ya mlango. Wakati watu wakiingiza vigoda, ilisikika sauti ya viti vikipandishwa ngazi upande wa pili.

Mkwe hakugomba. Asubuhi alikunja nguo za mtoto, akazitia kwenye begi, akaliweka mlangoni. Mumewe alikuwa ameshapata chumba upande wa pili wa mji, nyumba ya chini, na alikuwa njiani kuja kuwachukua.

“Mama, twende wote,” mkwe alisema. “Nafasi ipo. Hata cherehani inaenea.”

“Na yeye nimwachie nani?” Fundi aliuliza, akionyesha dari kwa kidevu.

Mkwe alimpa mtoto bibi yake amshike. Mtoto akaishika pua, na ilibidi mama yake amwachishe kidole kimoja kimoja. Kisha wakashuka kwa ngazi ya mbele.

Fundi alibaki na kishuka kimoja, kilichosahauliwa chini ya kitanda. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga fundo. Kila jioni alikifungua kidogo, akanusa: maziwa, poda, jasho la kisogoni. Baada ya muda kikawa kishuka tu, kilichoshonwa kwa gauni la mke wa mtu. Alikwenda nacho koridoni saa kumi, akakitandaza mapajani chini ya moshi, akidhani labda utaichukua harufu hiyo ukamhifadhia. Moshi ulipita. Uliweka vilivyoungua peke yake, na mtoto yule hakuungua. Alikuwa mzima, kwenye nyumba yenye milango miwili, anaota meno. Fundi alikikunja kishuka, akalia wazi mbele za watu, na majirani wakamwacha alie.

Chumba cha pili alikirudisha kwa Bwana Viti. Akaingia muuguzi wa hospitali, mama wa watoto wawili, ambaye siku yake ya kwanza alikuja saa kumi akitokea zamu, akakuta watu wamejipanga kwenye vigoda na moshi uko darini. Majirani walimkaribisha vizuri sana. Watoto wake walitafuta pa kukaa, wakakaa chini mwisho wa korido, wameegemeza migongo kwenye mlango wa nyuma, maana hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

“Kuna nini?” muuguzi aliuliza.

“Fumba macho kwanza, mwanangu,” Fundi alimwambia. “Vuta pumzi. Unasikia? Sabuni ile ya kipande. Na karafuu.”

Muuguzi alifumba macho. Alivuta pumzi, akavuta tena, akijitahidi kwa adabu.

“Mimi nasikia kitu kinaungua tu,” alisema.

“Utazoea,” Fundi alimwambia, akamsogezea kigoda.